LAPTOPU YA KAZI ISIWE DENI SHINGONI MWA MFANYAKAZI



Twaandika kutoka Myanga, kwenye reli ya mita kati ya Bungoma na Malaba. Habari yetu ni ya mashine moja tu, lakini ndani yake imo haki ya kila mtu anayekula mshahara. Mashine hiyo ni laptopu, kompyuta ile inayofungwa kama kitabu na kubebwa mkobani.

Zamani karani alikuwa na meza, na kazi ilibaki mezani. Jioni alitia daftari kabatini, akafunga mlango, na ufunguo ukapelekwa kwa mkubwa wake. Daftari likipotea usiku, hakuulizwa karani aliyelala kwake. Aliulizwa mlinzi na mwenye ufunguo. Siku hizi daftari limekuwa mashine, na mashine imepewa miguu, na miguu hiyo ni yetu. Twapanda nayo matatu, twapanda nayo bodaboda, twalala nayo chumba kimoja na watoto. Kabati hakuna, mlinzi hakuna, lakini deni lipo.

Basi twauliza: hatari ya mashine hii ni ya nani? Waajiri wengi wamekwisha kujibu kwa vitendo. Wasema mashine ni yao, faida ni yao, lakini hatari ni yako wewe uliyeibeba. Sisi twasema hapana. Hatari ya chombo cha kazi ni sehemu ya kazi. Mwenye chombo hana budi kukitengenezea njia salama, na mwenye kukibeba hana budi kukichunga kwa uaminifu. Kila mmoja abebe upande wake wa mzigo.

VINYWA VIWILI VYA WAKUBWA

Wenzetu, angalieni jinsi maneno yanavyogeuka. Mfanyakazi akiomba mkoba mzuri, aambiwa hakuna fedha. Akiomba nauli ya kusafiri mchana badala ya usiku, aambiwa avumilie. Akiomba mashine iwekewe bima, aambiwa, "Bwana, ajali haina kinga." Haya, tumesikia. Lakini siku mashine ikiibwa, mkubwa yule yule hugeuza ulimi. Sasa si ajali tena. Sasa ni "uzembe wako." Kabla ya hasara ni ajali, na ajali haihitaji gharama, baada ya hasara ni uzembe, na uzembe unalipwa na mfanyakazi. Kwa njia hiyo mwajiri hapotezi kamwe. Akikataa kutoa, haki ni yake. Akipotewa, haki ni yake.

Sisi tuliosoma shule ya misheni hatukufundishwa hesabu nyingi, lakini hesabu hii twaielewa. Mizani inayolalia upande mmoja siku zote si mizani.

SHERIA YASEMA NINI

Wako wanaodhani ya kuwa mwajiri ana ruhusa ya kukata mshahara kama apendavyo, maadamu mali ni yake. Si kweli. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 19, imetaja makato yanayoruhusiwa. Juu ya mali ya mwajiri iliyoharibika au kupotea, sheria yaruhusu akate kiasi cha haki tu, tena pale ambapo hasara imeletwa na kosa la kusudi la mfanyakazi. Tieni alama hapo: la kusudi. Mtu aliyenyang'anywa na wezi kwenye stendi hakukusudia. Mtu ambaye matatu yake ilianguka mtaroni hakukusudia. Mtu ambaye betri ya mashine yake iliwaka moto hakukusudia.

Kifungu hicho hicho chasema jumla ya makato yote kwa mara moja isizidi theluthi mbili ya mshahara. Wako makarani wa mishahara wanaokisoma kinyume, wakidhani ni ruhusa ya kukata mpaka theluthi mbili kwa sababu yo yote. Huo ni ukuta wa kumlinda mfanyakazi asibaki mikono mitupu. Ukuta si mlango.

Tena kuna hila ya karatasi. Siku ya kupewa mashine mfanyakazi hupewa na karatasi atie sahihi, kwamba mashine ikipotea kwa njia yo yote atalipa yote. Yeye ni mgeni kazini, aogopa kukosa kazi, atia sahihi. Baadaye aambiwa, "Wewe mwenyewe ulikubali." Lakini sheria ile yaruhusu makato kwa ombi la maandishi la mfanyakazi katika mambo ambayo mwajiri hana faida yake ndani. Na kulipwa bei ya laptopu yake si faida ya mwajiri? Kwa hiyo sahihi iliyochukuliwa kwa hofu isiwatishe. Leteni karatasi hiyo kwa mwakilishi wa chama kabla ya kutia sahihi, na kama mmekwisha kutia, ileteni vile vile.

Jambo moja la kuangaliwa na viongozi wetu: sheria yaruhusu pia makato yaliyokubaliwa katika mapatano ya chama na mwajiri. Basi mapatano yasomwe neno kwa neno. Tusije tukauza kwa kalamu yetu wenyewe kile ambacho sheria ilitupa bure.

MFANO ULIO KARIBU NASI

Mwenzetu mmoja, ambaye hatumtaji jina, alikuwa karani wa vifaa wa mkandarasi mmoja, naye mkandarasi hatumtaji. Ijumaa jioni aliamriwa atoke Kitale na laptopu yenye hesabu za vifaa, Jumatatu asubuhi awe Myanga. Gari la kampuni hakupewa. Alipanda matatu, akapita Kiminini na Kamukuywa, akabadilisha Webuye, akafika Bungoma giza limeingia na mvua inanyesha. Hapo stendi, katika msukumano wa kutafuta gari la Myanga, vijana wawili walikata kamba ya mkoba wakatoweka nao.

Alikwenda polisi usiku ule ule, akaandikisha, akapewa nambari ya OB. Jumatatu alifika kazini na karatasi mkononi. Hakuna aliyemwuliza kama aliumia. Hakuna aliyeuliza kwa nini mtu alitumwa njia tatu za matatu na mali ya kampuni mgongoni. Mwisho wa mwezi theluthi moja ya mshahara haikuonekana, na mwezi wa pili, na wa tatu, mpaka akaiacha kazi mwenyewe kwa uchungu. Mwizi aliiba mara moja, lakini mwezi kwa mwezi kilichokuwa kikichukuliwa ni chakula cha watoto.

Twauliza: kosa la kusudi lilikuwa la nani hapo? La aliyebeba, au la aliyeandika amri kwa kalamu akijua wazi njia ilivyo?

RELI HAIENDESHWI KWA BAHATI

Sisi wa reli twajua jambo ambalo wakubwa wa ofisini wamelisahau. Kwenye njia moja, dereva haingii sehemu ya mbele kwa kutumaini tu ya kuwa hakuna gari lijalo. Aingia kwa kibali. Kibali kimeandikwa, stesheni hii yajua na stesheni ile yajua, na saa imeandikwa. Vishina vya mataruma vikilegea, mtu wa genge hatarajiwi kuzuia gari kwa kifua chake. Kuna bendera nyekundu, kuna mwendo uliopunguzwa, kuna mkaguzi anayepita. Hayo yote yaliwekwa kwa sababu mabwana waliojenga reli walijua ya kuwa binadamu huchoka, husinzia, na usiku una giza. Hawakusema, "Mtu mwema hatasinzia." Waliweka utaratibu ili hata mtu akisinzia gari lisigongane na gari.

Kwa nini basi laptopu isiwekewe utaratibu? Angalieni watu wa ndege. Wao hawasemi kila abiria ajilinde kwa bahati yake. Wamejua ya kuwa betri za lithiamu zaweza kushika moto, basi wameweka sheria: betri ya akiba haiwekwi katika shehena ya chini bali hubebwa na abiria ndani, mahali moshi utaonekana na moto utazimwa mapema, na mpaka wa kawaida wa betri ni wati-saa 100. Hicho ni kipimo. Mahali penye kipimo mfanyakazi aweza kujitetea, kwa maana aweza kuonyesha ya kuwa alikifuata. Pasipo kipimo mkubwa ndiye kipimo.

Tena moto wa betri si hadithi ya kuwatisha watoto. Agosti 2006 kampuni ya Dell ya Marekani ililazimika kuita zirudishwe betri za laptopu zipatazo milioni 4.1 zilizotengenezwa na Sony, kwa hatari ya kushika moto. Juni 2019 kampuni ya Apple nayo iliita zirudishwe MacBook Pro za inchi 15 zilizouzwa hasa kati ya Septemba 2015 na Februari 2017, kwa sababu betri zake zaweza kupata joto la kupita kiasi. Ikiwa matajiri wa dunia wenye mainjinia maelfu wamekiri ya kuwa kosa lilikuwa katika mashine, nani atathubutu kumwambia karani wa Myanga ya kuwa betri iliyovimba ni uzembe wake?

KILICHOMO NDANI NI KIKUBWA KULIKO BEI

Wakubwa hulilia bei ya mashine. Sisi twalilia kilichomo ndani. Ndani ya laptopu ya ofisi yamo majina yetu, nambari za vitambulisho, nambari za simu, akaunti za benki, barua za onyo, na pengine karatasi za daktari. Mashine hununuliwa nyingine. Jina la mtu likiingia mikononi mwa matapeli haliwezi kununuliwa jingine.

Wengi wadhani neno la siri la kufungulia mashine latosha. Halitoshi. Mwizi mwenye ujuzi huitoa diski ya ndani, aitia katika mashine nyingine, na kusoma yote kama gazeti. Dawa yake ni kuifunga diski yenyewe, maandishi yote yageuzwe mafumbo yasiyosomeka bila ufunguo. Windows za kazi zinayo programu ya namna hiyo iitwayo BitLocker, na mashine za Apple zinayo FileVault. Zimo humo humo ndani. Zangoja mtu aziwashe tu na kuuweka ufunguo wa akiba mahali salama ofisini. Laptopu iliyofungwa hivyo ikiibwa, mwizi amepata bati na betri.

Kazi hiyo ni ya nani? Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yamtaka mwenye kukusanya habari za watu aweke njia za kuzilinda, na kufunga maandishi kwa mafumbo ni mojawapo ya njia zinazotajwa. Habari zikivuja na kukiwa na hatari ya kweli ya kuwadhuru watu, yeye ndiye apasaye kumwarifu Kamishna wa Data katika saa 72, na kuwajulisha wenye habari. Basi mwajiri anayemkata karani mshahara na kukaa kimya juu ya majina yetu yaliyopotea, ametoza asichostahili na ameacha kutimiza kilichompasa.

Twaongeza neno juu ya mashine kuukuu. Wako wanaogawa laptopu zilizonunuliwa zimekwisha kutumika ng'ambo, zenye Windows 10. Kampuni ya Microsoft ilikoma kuitunza Windows 10 kwa utaratibu wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine isiyopata marekebisho ni kama breki isiyokaguliwa: leo yashika, kesho hatujui. Mwajiri anayetoa breki kama hiyo asimlaumu dereva.

NA SISI TUFANYE SEHEMU YETU

Ndugu, hatuandiki haya ili tupewe ruhusa ya kulala. Mfanyakazi anayeacha laptopu juu ya meza ya hoteli akaenda kunawa mikono, ametupokonya sote silaha mbele ya mwajiri. Anayetaka haki yake na awe na mikono safi. Kwa hiyo twawakumbusha mambo haya.

Njiani. Msibebe mashine katika mkoba wenye sura ya laptopu. Huo ni kama kupiga baragumu. Mkoba wa kawaida, uliochakaa kidogo, ni mlinzi bora. Kwenye bodaboda mkoba uwe kifuani, si mgongoni. Ndani ya matatu uwe mapajani au kati ya miguu, kamba imezungushwa mguuni, wala si juu ya keria wala buti la nyuma. Msifungue mashine karibu na dirisha lililo wazi wakati gari linangoja abiria. Kwenye basi la usiku msipokee chai wala biskuti za mtu msiyemjua. Wengi wamewekewa mchele wakaamka hawana kitu. Mkiweza, safirini mchana. Msipoweza, mwandikieni mkubwa ya kuwa mmeamriwa usiku.

Mkienda ng'ambo ya Malaba kwa kazi, chukueni barua ya mwajiri yenye nambari ya mashine, ili mkiulizwa ni ya nani muwe na jibu lililoandikwa.

Kwenye toroli na garini. Mashine nyingi kuukuu zina diski inayozunguka, nayo haipendi kutikiswa ikiwa kazini. Zimeni mashine kabisa kabla ya kupanda toroli. Msiifunge tu kama kitabu. Mashine iliyofungwa bila kuzimwa yaweza kuendelea kuchemka ndani ya mkoba. Msiiache juani wala ndani ya gari lililofungwa madirisha.

Mvua na radi. Magharibi yetu mvua haibishi hodi. Mfuko wa plastiki mnene ndani ya mkoba ni bei ndogo. Mashine ikilowa, ng'oeni chaja, izimeni, msijaribu kuiwasha kuona kama ni nzima, mpelekeni fundi. Radi ikianza, chomoeni chaja ukutani.

Umeme. Mwakumbuka tarehe 7 Juni 2016, tumbili mmoja alipoanguka juu ya transfoma huko Gitaru na nchi nzima ikaingia gizani. Mwakumbuka pia tarehe 25 Agosti 2023, giza lilipotanda tena karibu nchi nzima. Umeme ukikatika hauui mashine. Mara nyingi ni kule kurudi kwake kwa kishindo. Umeme ukipotea, chomoeni. Ukirudi, ngojeni kidogo utulie. Ofisini pawe na kifaa cha kinga, kile wanachokiita gadi.

Betri na chaja. Msichaji mashine juu ya godoro wala chini ya mto, kwa maana joto hukosa pa kutokea. Chaja ya bei ya kutupa huenda ikawa ghali kuliko nyumba. Ukiona kifuniko cha chini kimevimba au kibodi kimeinuka, acha kuitumia, usiichaji, usiitoboe. Iweke mbali na vitu vinavyowaka, uarifu kwa maandishi. Ikianza kutoa moshi, toka na watu wako kwanza.

Saiba na waifai. Flashi iliyotoka kwenye kompyuta ya saiba yaweza kuleta virusi kama mgonjwa aletavyo homa. Kazi ya ofisi msiifanye kwa waifai ya bure ya stendi au hoteli. Afadhali mtandao wa simu yako wenye neno la siri, na mwajiri alipie bando. Jirani akichungulia kioo, fungeni.

Nakala. Kazi iwe na nakala nyingine mahali pengine. Nakala iliyomo ndani ya mkoba mmoja na mashine si nakala; ni zawadi ya pili kwa mwizi.

Na mwisho, andikeni nambari ya mashine katika kijitabu kinachobaki nyumbani. Ikiibwa, mwarifu mkubwa na polisi siku ile ile, mshike nambari ya OB. Kijitabu hicho chaweza kuokoa mishahara ya miezi sita.

UHAI KWANZA

Neno hili twalitenga peke yake. Mtu akikutolea kisu au bunduki akataka mkoba, mpe. Mpe upesi. Usimtazame kwa ukali wala usimkimbize. Twasikia wenzetu wakisema, "Nitapigana, kwa maana nikiipoteza nitakatwa." Hapo ndipo ubaya wa makato unapoonekana wazi kabisa. Mwajiri aliyeweka deni juu ya kichwa cha mfanyakazi amemwagiza kupigana na kisu kwa ajili ya bati. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri alinde usalama na afya ya watu wake kazini. Makato yanayomfanya mtu aogope bwana wake kuliko kisu ni hatari ya kazi kama ilivyo shimo lisilofunikwa.

NA TUKIJIBIWA

Tutajibiwa ya kuwa wafanyakazi wengine ni wajanja, watauza mashine na kusema zimeibwa. Hatukatai, wezi wako kila mahali, hata miongoni mwa waliovaa tai. Lakini sheria imekwisha kujibu: kosa likiwa la kusudi, mwajiri alithibitishe, akate kwa haki. Akitaka kumfukuza mtu kwa kosa hilo, kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira chamtaka kwanza amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na mfanyakazi aweza kuwa na mwenzake au mwakilishi wa chama kando yake. Njia ya kumpata mwizi ipo. Tunayoikataa ni njia fupi, ya kuwatoza wote kana kwamba wote ni wezi.

Wako pia wenzetu wanaocheka wakisema, "Mimi nashika jembe la njia, laptopu ni mambo ya makarani." Ndugu, leo ni laptopu ya karani, kesho ni simu ya kazi ya msimamizi wa genge, na kesho kutwa ni kifaa cha dereva. Desturi mbaya ikishazoeleka kwa mmoja haiulizi wa pili kama anajua kutaipu. Na majina yenu ninyi wa jembe yamo ndani ya laptopu hiyo hiyo.

Wala tusiwaonyooshee waajiri kidole huku nyumba yetu ina nyufa. Chama nacho hushika majina ya wanachama na hesabu za michango. Mashine ya tawi lo lote nayo ifungwe diski yake, iwe na nakala, na katibu anayetumwa nayo safarini apewe nauli ya mchana. Tutakalolidai kwa mwajiri na tulifanye kwanza kwetu.

TUNAYODAI

Kwa hiyo twaomba matawi yote yazungumze mambo haya, yapelekwe mezani wakati wa mapatano:

1. Mfanyakazi asikatwe mshahara kwa mashine iliyoibwa, kuharibika au kuungua, ila kosa la kusudi lithibitishwe, naye akiwa na mwakilishi wa chama.

2. Karatasi za kulipa hasara "kwa njia yo yote" zifutwe, za zamani na za sasa.

3. Kila laptopu inayosafiri iwe na bima iliyolipwa na mwajiri.

4. Kila mashine ifungwe diski yake kabla ya kutoka ofisini, na programu zake ziwe zinazotunzwa bado.

5. Mwajiri atoe mkoba, chaja halali na kifaa cha kinga ya umeme, na kabati lenye kufuli kwa wasiolazimika kuichukua nyumbani.

6. Mtu asitumwe usiku na mashine ya kazi bila usafiri wa mwajiri.

7. Habari zetu zikipotea, tuarifiwe.

Madai haya si makubwa. Ukiyajumlisha gharama zake ni ndogo, na mengine ni kuwasha tu kitu kilichomo tayari ndani ya mashine. Kwa hiyo wakikataa, tutajua ya kuwa sababu si fedha. Sababu itakuwa ni kuzoea kuona mshahara wa mfanyakazi kama sanduku la bima lisilolipiwa.

Ndugu, kila mwenye laptopu ya kazi na alete kwa mwakilishi wake nakala ya karatasi aliyotia sahihi. Kila aliyekatwa alete hati zake za mshahara. Zikiwa mkononi mwa mtu mmoja mmoja ni malalamiko. Zikiwekwa pamoja juu ya meza moja ni kesi.

Umoja ni nguvu.

Sisi wenzenu wa reli, Myanga.